Ile Sikuihesabu: Maswali Yenu Kuhusu Presha na Dawa za Pembeni

Haya wapendwa, toleo lililopita niliomba mniandikie kila kitu mnachomeza pamoja na dawa zenu za presha, na kweli mmeandika, mmeandika mpaka mhariri kaanza kulalamika. Nimechagua barua saba. Kuna kitu kinajirudia karibu kwenye kila moja, mtu anazitaja dawa zake za presha vizuri kabisa, jina, miligramu, saa ya kumeza, halafu kule chini baada ya kuaga ndo anakumbuka "na pia huwa nameza kitu fulani ila kile sio dawa". Niko nyuma ya kaunta ya famasi miaka mingi sasa na nawaambia, nusu ya kazi yangu ni hicho kitu fulani. Kuna mzee nilimuuliza anatumia dawa ngapi akasema mbili, nikamwomba afungue mfuko, zikatoka tisa. Saba alikuwa hazihesabu.

Majina ya dawa nayaandika tunavyoyatamka, kwenye boksi lako herufi zitatofautiana kidogo, usishtuke.

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 58, presha ninayo mwaka wa tisa huu. Natumia amlodipini, losatani na kile kidonge cha kukojoa, haidroklorothiazaidi. Ilikuwa imetulia 130 kwa 80, siku nyingine chini ya hapo. Sasa mwezi wa pili huu mashine inasoma 160 kwa 95 na sijabadilisha chochote, chumvi nimeacha, dawa sirukishi hata siku moja. Dokta kasema nikirudi na namba hizo ataniongezea dawa ya nne. Je nikubali? Samahani kwa maneno mengi, nimepata nafasi ya kuandika sababu nimepumzisha goti, ila linaendelea vizuri, kuna mtu alinielekeza diklofenaki, nameza asubuhi na jioni.

JIBU: Pole na goti mama yangu, lakini jibu la presha umeliandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho.

Diklofenaki ina ndugu zake, ibuprofeni, naproksini na wengineo, na ukoo mzima unatuliza maumivu kwa njia moja, wanazuia kemikali za mwilini zinazoitwa prostaglandini. Shida ni kwamba kidonge hakijui goti liko wapi. Kikishaingia kwenye damu kinazizuia kila mahali, na kule kwenye figo hizo prostaglandini zina kazi kubwa, zinasaidia figo kutoa chumvi na zinaiacha wazi mishipa midogo inayoingiza damu. Ukizizuia, figo inang'ang'ania chumvi, chumvi inavuta maji, maji yanajaa kwenye mishipa, mashine inasoma 160. Yaani mko kwenye mtumbwi, kidonge cha kukojoa kinachota maji kuyamwaga nje na diklofenaki iko nyuma yake inatoboa. Dokta hajui habari ya tundu, kwa hiyo anataka kukuongezea mchotaji mwingine. Simlaumu, ulienda kwake kwa ajili ya presha, goti halikutajwa. Amlodipini huwa haiyumbi sana ikikutana na dawa hizi, zinazoyumba ni losatani na kidonge cha kukojoa, na wewe unazo zote mbili.

Tena presha sio ndo inanitisha zaidi, inanitisha figo. Fikiria kichujio chenye mpira wa kuingiza damu na mpira wa kuitoa. Diklofenaki inabana ule wa kuingiza. Losatani inalegeza ule wa kutoa. Kidonge cha kukojoa kinapunguza maji yanayofika hapo. Moja moja figo inavumilia, zikikutana tatu msukumo ndani ya kichujio unaanguka na figo inaweza kugoma ghafla, hasa siku ukiharisha au kutapika au ukishinda juani bila kunywa maji ya kutosha. Tumezoea kwamba mafiga matatu ndo yanainjika chungu, haya matatu yanakipindua.

Fanya hivi. Diklofenaki iache, za presha endelea nazo zote kama kawaida, na umtafute dokta wako wiki hii hii usisubiri tarehe ya kliniki, umwambie umemeza diklofenaki mara mbili kwa siku kwa muda gani, apime kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi) na potasiamu. Halafu pima presha wiki mbili zijazo ndo mzungumzie dawa ya nne, huenda msiihitaji kabisa. Ukiona mkojo umepungua sana, miguu imevimba au pumzi inakata, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na goti? Kuna jeli ya kupaka ya diklofenaki, inayoingia kwenye damu ni sehemu ndogo sana ukilinganisha na kidonge, muulize dokta kama kwako inafaa maana na figo zako lazima kwanza zijulikane. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja yanasaidia goti kuliko watu wanavyodhani, ila hayauzwi kwenye boksi ndo maana hakuna anayeyatangaza.

Ya kumeza kwa kawaida tunaanzia parasetamoli, na hapa naomba wasomaji wote mnisikilize maana watu wanaichukulia kama maji. Mwaka 2022 watafiti wa Edinburgh walitoa matokeo ya watu 110 wenye presha, walipewa parasetamoli gramu 4 kila siku kwa wiki mbili na namba ya juu ikapanda kwa karibu 5. Kichwa kimeuma leo umemeza viwili, haina neno. Kumeza dozi kamili kila siku mwezi mzima ni jambo la kumwambia dokta. Na zile za kuyeyusha kwenye glasi, zinazochemka fwiii, kinachochemka pale kina sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi, kidonge kimoja kinaweza kubeba karibu miligramu 400. Ukinywa vinane kwa siku umepita gramu 3, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku kutoka kila kitu anachokula. Unaweza ukaikimbia chumvi mezani ukainywa kwenye glasi.

Kabla hamjaniandikia, ile aspirini ndogo aliyokupa dokta wa moyo ni habari nyingine, hiyo usiiguse bila yeye.

SWALI: Nina presha na mafua yamenibana pua siku tatu silali. Naweza kumeza dawa yoyote ya mafua tu?

JIBU: Yoyote hapana. Dawa ya kuzibua pua inafanya kazi kwa kubana mishipa ya damu, pua inanywea hewa inapita, ila ukiimeza inabana na kwingine, na wewe mishipa iliyobanwa ndo ugonjwa wako. Geuza boksi usome nyuma, ukikuta sudoefedrini au fenilefrini rudisha. Dawa nyingi za mafua zimechanganywa, ndani ya kidonge kimoja kuna ya maumivu, ya kuzibua pua, ya chafya, wakati mwingine na kafeini juu, kwa hiyo jina kubwa la mbele halikwambii kitu. Za aleji nazo angalia, loratadini ya kawaida haina shida na presha ila ikiwa na herufi D pembeni ya jina maana yake wameongeza sudoefedrini. Tumia maji ya chumvi ya kupulizia au kudondoshea puani (hayo yanasafisha, huyamezi, usiogope neno chumvi) na lala umeinua kichwa.

SWALI: Dokta shikamoo. Baba yangu ana miaka 66, ameacha vidonge vya presha mwezi uliopita, anatumia kapsuli za kitunguu saumu na chai ya mizizi mbalimbali aliyoletewa na rafiki yake. Anasema vidonge ni kemikali na hivi vingine vimetoka kwa Mungu. Nikimbishia anakasirika. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba. Mweleze stori ya nyoka. Kule Brazili kuna nyoka anaitwa jararaka, akimuuma mtu presha inaporomoka. Miaka ya 1960 mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, alichunguza ile sumu ina nini ndani, kazi ile ikaendelezwa na wengine mpaka ikazaa kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, na enalaprili na lisinoprili ni wadogo zake. Kwa hiyo hata vidonge vyake mzee chanzo chake kimo humo humo kwenye uumbaji, tofauti ni kwamba kwenye kidonge mtu kapima ni miligramu ngapi, na kwenye chai ya rafiki hakuna aliyepima. Sumu ya nyoka nayo ni asili mia kwa mia.

Usimkejeli kitunguu saumu chake lakini, maana kweli kapsuli zake kwenye utafiti zinashusha presha kidogo, ukimwambia hazifanyi kitu atajua unabisha tu. Sema zinashusha kidogo na yeye anahitaji zaidi ya kidogo. Kama anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini, kitunguu saumu cha kapsuli kinaongeza uwezekano wa kutoka damu, hilo lazima dokta ajue.

Chai ndo inanipa wasiwasi. Uliza majina ya hiyo mizizi. Kama kuna likorisi, ule mzizi mtamu unaowekwa pia kwenye pipi za koo na sirapu za kikohozi, inapandisha presha yenyewe na kushusha potasiamu. Inafanya homoni ya kotisoli ijifanye homoni nyingine inayoiamuru figo kushikilia chumvi. Mtu anakunywa chai ya kushusha presha kumbe anaipandisha kikombe kwa kikombe.

Na muulize ameacha vidonge gani hasa, hili ni la leo usiliweke. Kama kulikuwa na klonidini au dawa za jamii ya atenololi na propranololi, hizo hazikatwi ghafla, presha na mapigo ya moyo vinaweza kurudi kwa kishindo na kwa mwenye moyo dhaifu ni hatari kweli. Mpime presha nyumbani, mbele yake, akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiwe kanywa kahawa nusu saa iliyopita. Pima asubuhi na jioni wiki moja, aandike kwa mkono wake mwenyewe. Wazee wengi hawamwamini mtoto wao ila daftari lao wanaliamini. Ukikuta 180 kwa 120 rudia baada ya dakika chache, ikibaki hapo usingoje wiki iishe, na ikiwa kuna maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, mdomo kwenda upande au maneno kutoka vibaya ni dharura.

SWALI: Naomba usinitaje hata herufi. Nina miaka 61, natumia bisoprololi na kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Chumbani mambo sio mazuri. Nimepata kapsuli za asili za nguvu za kiume, zinafanya kazi vizuri sana ndani ya saa moja. Ziko salama maana ni mitishamba tu?

JIBU: Kaka yangu, umesema ndani ya saa moja, na hapo ndo nimesimama. Mitishamba ya kweli haina mbio hizo. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeshakamata kapsuli nyingi sana za aina hiyo zilizoandikwa asili tupu, maabara wakakuta ndani kuna sildenafili, dawa ya nguvu za kiume ile ile ya kuandikiwa na dokta, ila haikutajwa na kipimo hakijulikani. Sasa kile kidonge chako cha chini ya ulimi ni naitreti. Naitreti na sildenafili zote zinafungua mishipa, zikikutana presha inaweza kuanguka chini kiasi cha kuzimia na kufa. Sitakuficha.

Kwa hiyo hizo kapsuli basi, leo. Kama ulimeza karibuni na kifua kikabana usiweke kidonge chini ya ulimi, ita gari la wagonjwa na uwaambie wanaokupokea umemeza nini na saa ngapi, aibu iache nyumbani, wao kila siku wanasikia hayo. Kwa sildenafili tunahesabu angalau saa 24 kabla ya naitreti, kwa ndugu yake tadalafili saa 48, na wewe hujui ndani ya kapsuli yako kuna ipi.

Halafu lipeleke lile tatizo lenyewe kwa dokta. Presha ikikaa juu miaka inaharibu mishipa, na mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi ndo inalalamika kwanza. Kuna dawa za presha zinazochangia na nyingine hazichangii, zinaweza kubadilishwa, lakini abadilishe yeye, bisoprololi usijikatie.

SWALI: Nimenunua ile chumvi yenye sodiamu kidogo, wamesema ni nzuri kwa presha. Natumia enalaprili na spironolaktoni. Mke wangu anasema nikuulize kwanza.

JIBU: Mke wako mshukuru. Ile chumvi wameondoa sehemu ya sodiamu wakaweka potasiamu, na kwa watu wengi ni kitu kizuri, China walifanya utafiti kwenye vijiji 600 na watu karibu 21,000, matokeo yakatoka 2021, waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu kuliko waliobaki na ya kawaida. Lakini enalaprili inaifanya figo ibakize potasiamu. Spironolaktoni nayo inaibakiza. Ukimwaga na nyingine kwenye chakula inaweza kupanda mpaka mapigo ya moyo yakavurugika, na hiyo mara nyingi haina dalili mpaka siku ya tukio. Usiitumie mpaka upimwe potasiamu na dokta akuruhusu, na kwa mchanganyiko wako sitegemei akuruhusu. Vidonge vya potasiamu vile vya kuondoa kukakamaa kwa misuli navyo hivyo hivyo. Punguza chumvi ya kawaida, inatosha.

SWALI: Shikamoo, mimi ni kijana wa miaka 31, nimepimwa kazini nikakutwa 150 kwa 100, sina uzito, nafanya mazoezi jimu siku tano kwa wiki, familia haina presha. Situmii dawa yoyote kabisa, labda unga wa kunywa kabla ya mazoezi tu na kreatini.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo "labda" lako nimelipenda. Soma kopo nyuma. Unga wa kabla ya mazoezi mara nyingi kijiko kimoja kina kafeini kama vikombe viwili au vitatu vya kahawa, ukiongeza na kinywaji cha kuchangamsha mchana ushapita kiasi. Angalia kama kuna yohimbe au sinefrini, zote zinaweza kupandisha presha na mapigo. Efedra, mmea wa kuchangamsha uliokuwa unajaa kwenye makopo ya kupunguza uzito Marekani waliipiga marufuku 2004 baada ya watu kupata kiharusi na shambulio la moyo, wakali wenzake waliobaki wakachukua nafasi. Na ukikuta wameandika "mchanganyiko maalumu" bila kusema kila kitu ni kiasi gani, mimi ningeacha kopo hapo hapo, maana Marekani kwenyewe sheria yao ya 1994 hailazimishi saplimenti kuhakikiwa kabla ya kuuzwa.

Kreatini haijulikani kupandisha presha, ila inaweza kupandisha kreatinini kwenye kipimo cha damu figo zikionekana mbovu wakati hazina kitu, mwambie dokta kabla hajachora picha yake. Na kama kuna sindano au vidonge vya kujaza misuli ambavyo hukuandika hapa, mimi sijauliza, ila dokta atakuuliza na umjibu ukweli. Acha unga mwezi mmoja, pima tena mara kadhaa. Ikibaki hapo nenda ukachunguzwe vizuri, presha ya 31 ina sababu zake za kutafutwa.

SWALI: Nina miaka 36, natumia enalaprili mwezi wa tatu sasa. Nina kikohozi kikavu kinanisumbua usiku, nimeshamaliza sirapu tatu na nimenunua ya nne. Pia tunatafuta mtoto, sijui kama hiyo inahusiana.

JIBU: Dada, maswali mawili na yote yanaishia kwenye kidonge kimoja. Enalaprili na ndugu zake wanajulikana kwa kikohozi kikavu cha kuwashawasha koo, hakina makohozi, hakina homa, na sirapu haikigusi kwa sababu kinachokileta unakimeza kila siku. Ukibadilishiwa dawa kwa kawaida kinaisha wiki moja mpaka nne, kuna wanaochukua miezi. Midomo, ulimi au uso ukivimba usimeze tena na ukimbie hospitali, hiyo sio kikohozi.

Na mtoto inahusiana sana tu. Enalaprili na kundi lake zima, pamoja na losatani na kundi lake, hazitumiki kwenye ujauzito, zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni. Kwa wenye kikohozi kama wewe huwa tunawahamishia losatani, ila kwako hata hiyo siyo, mwambie dokta unatafuta ujauzito ili akuchagulie zile zilizozoeleka kwa wajawazito, kama methildopa, labetalolo au nifedipini ya kuachia polepole. Mwone kabla hujashika mimba, usikatize tu mwenyewe ukakaa bila dawa, na siku zako zikichelewa kabla hujamwona pima na umpigie simu siku hiyo.

Sirapu ya nne usiifungue. Peleka pale ulipoinunua uone kama watairudisha, ingawa mimi kwenye kaunta yangu sirudishi.